Jibu la Kwenye Sahani

Kila asubuhi Shangazi alikula chapati ya kwanza akiwa amesimama. Hakuitafutia sahani wala chai. Aliiepua kwenye chuma cha kuchomea chapati kwa ncha za vidole, akairusharusha mkono huu na ule ipungue moto, akageukia ukuta wa jiko kama mtu anayekula cha kuiba, akaila yote. Ukimuuliza kwa nini anajichagulia iliyo mbaya kuliko zote, alikujibu kwa maneno machache, maana maneno yake aliyapima kwa kijiko cha chai.

"Hii ni ya chuma."

Na kweli ya kwanza haijawahi kuwa nzuri. Chuma kinakuwa hakijaamka sawasawa, upande mmoja moto, upande mwingine bado unapiga miayo, kwa hiyo chapati inatoka na madoa kama ramani, pembeni imekauka na katikati ina ubichi. Wapishi wengine huwatupia kuku. Shangazi aliila mpaka ikaisha, akajifuta midomo kwa kiganja, akasema chini chini, "Nashukuru." Hakuna aliyejua anamwambia nani. Baada ya hapo ndipo siku ilipoanza.

Nyumba ilikuwa ya kaka yake, ambaye alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele, kinachoangalia barabara, ndicho kilikuwa duka lake: kioo kirefu kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa hakizunguki tena, na benchi la wateja ambao nusu yao walikuwa hawakuja kunyoa. Nyuma ya duka ilikuwa sebule, kisha pazia la maua, kisha korido nyembamba, kisha ua na jiko. Kando ya jiko kulikuwa na chumba cha Shangazi.

Chumba kile alipewa siku aliyorudi. Aliolewa mbali akiwa bado msichana, ndoa ikamvunjikia mikononi, akarudi kwao akakuta wazazi hawapo tena na nyumba ni ya kaka. Kaka alikuwa ananyoa mtu. Alimwona kwenye kioo kabla hajageuka. Hakumuuliza kimetokea nini. Hakumuuliza siku ile wala baadaye. Aliweka mkasi chini, akasema, "Chumba cha nyuma ni chako, mdogo wangu. Mlango wake unakwama, uusukume kwa bega." Kisha akachukua mkasi akaendelea na kichwa cha watu.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliamka kabla ya wote. Alitaka kusema asante, lakini asante yenyewe ilimkwama kooni, haipandi wala haishuki. Akaona ndoo ya unga. Wenye nyumba walipoamka walikuta chapati zimefunikwa kwa kitambaa zinatoa mvuke, na yeye yuko uani anafua kama vile hajui lolote. Kaka alikula moja, akala nyingine, akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, huyu asije akaondoka."

Wakacheka wote. Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi yake, na hakuna aliyempangia.

Katika nyumba nyingi za mtaa ule chapati ilikuwa chakula cha kuvalia nguo nzuri. Ilipikwa mgeni akija, mtoto akifaulu, au mtu akipona. Siku za kawaida watu walipitisha na viazi, au wali ukipatikana. Na kila jiko lilikuwa na namna yake. Kwa fundi cherehani walikandia maziwa. Jirani wa mkono wa kulia aliponda boga lililochemshwa akalichanganya na unga, zikatoka za manjano kama jua la picha za watoto. Wengine walikoroga unga ukawa kama uji, wakaumimina kwenye kikaango, zikawa chapati za maji, na hao Shangazi hakuwahi kuwasema vibaya, ila alinyamaza kwa namna ambayo ulijua tu.

Zake yeye zilikuwa za kusukuma. Maji ya uvuguvugu, chumvi, mafuta kidogo, halafu kukanda mpaka unga uwe laini kama ncha ya sikio. Anaufunika upumzike. Anakata madonge, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja kama utambi, anauzungusha kama konokono, na kuyaacha makonokono yake yapumzike tena. Hapo ndipo anasukuma mara ya mwisho na kuweka kwenye chuma. Chapati ikishaiva anaipiga kwa viganja viwili, pwaa, inafunguka tabaka tabaka kama kitabu kilichodondoshwa. Wifi yake, mke wa kaka, alipojaribu kuiga akaruka kuupumzisha unga, Shangazi alimwambia sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia kuhusu kazi: "Wifi, usiuharakishe, ukiuudhi utakusema mezani."

Mezani chapati hiyo ilikuwa kijiko na ilikuwa sahani. Ilichota maharage, ilifuta mchuzi mpaka bakuli likaonekana limeoshwa, na asubuhi ilizamishwa kwenye chai na kutolewa haraka kabla haijakatika. Wateja wa kaka walipewa ya kukunjwa kama gazeti, wakala wakisubiri zamu, na ndiyo maana benchi lilijaa watu wenye nywele fupi.

Kwa kuwa Shangazi hakuwa msemaji, watu wa nyumba walijifunza kumsoma kwenye chapati. Zikiwa nene, mgongo unamuuma. Chumvi ikizidi, kuna mtu amemuudhi, na kaka angeita kwa sauti, "Nani kamgusa mdogo wangu? Ajitokeze kabla sijamaliza maji ya mtungi!" Zikichambuka zenyewe hata kabla hujazigusa, basi moyo wake ni mweupe. Kaka alijivunia elimu hiyo.

"Wenzangu mnasoma magazeti," aliwaambia wateja. "Mimi nina chapati za mdogo wangu. Habari zote zimo."

Miaka ikaenda hivyo, na haikuwa miaka mibaya. Halafu mguu wa jiko ukakatika, akaitwa fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana pale kona ya pili.

Mtaa mzima ulimwita Cheche. Alikuwa mrefu, mpole, mgane wa siku nyingi, na nyusi zake zilikuwa zimeungua mara nyingi mno hata zikawa hazijui kama ziote au zisiote. Alikuja asubuhi mapema mno, akakuta chapati ya kwanza ndiyo inaepuliwa.

"Nikaribishe basi," alisema.

"Subiri zilizo nzuri."

"Kwani hiyo ina nini?"

"Ni ya chuma."

Cheche akaitazama chapati ile yenye madoa, akajitazama ovaroli yake yenye madoa. "Basi tumefanana. Nipe nusu."

Shangazi alicheka. Si kutabasamu, kucheka kabisa, kwa sauti. Wifi aliyekuwa uani anasugua vyombo aliacha sufuria ikamponyoka, maana kicheko kile hakuwahi kukisikia tangu aolewe nyumba ile. Shangazi akaikata chapati vipande viwili, na kwa mara ya kwanza hakugeukia ukuta.

Mguu wa jiko ukatengenea, lakini kazi haikuisha. Siku nyingine Cheche aliona mguu wa pili nao una wasiwasi. Halafu akaona bawaba ya dirisha. Alipokosa kilichovunjika alikagua vilivyo vizima. Ule mlango uliosukumwa kwa bega miaka yote aliushusha, akaupiga tupa, akaurudisha, ukawa unafunguka kwa kidole. Shangazi akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Chapati za kesho yake zilichambuka mpaka wateja wa kaka wakashindwa kuzikunja.

"Kuna habari njema humu ndani," kaka alisema akitafuna, "ila sijaona kichwa cha habari."

Kichwa cha habari kilikuja na habari nyingine. Cheche alikuwa amepata kazi ya kudumu kiwandani, mbali, safari ya kutwa nzima barabarani. Aliisema akiwa amechuchumaa karibu na jiko, anaifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wametupa na nyumba za wafanyakazi. Yangu ina jiko zuri tu. Sasa lile jiko... halina mtu." Akaipindua spana akaifuta upande wa pili. "Mimi maneno hayanitoki, mwenzangu, unanijua. Nije na wazee wangu kuongea na kaka yako, au nisije?"

Shangazi aliisukuma chapati iliyokuwa kwenye kibao, akaisukuma, akaisukuma, mpaka mistari ya mbao ikaonekana chini yake.

"Njoo," alisema.

Alikuwa anataka. Hilo hakujidanganya hata kidogo. Lakini kila aliposikia kaka anacheka kule mbele, alijiuliza swali lile lile. Unamwachaje mtu ambaye hakukuuliza? Wengine walipewa makazi wakasimangwa kwa kila kijiko, yeye hajawahi kuambiwa hata "mbona taa yako inawaka." Alijiona kama ana asante ya miaka mingi ambayo hajaitoa yote, na sasa anataka kuondoka nayo. Akaamua moyoni kwamba kaka akisema nenda, ataenda, akisema kaa, atakaa, na hatamnung'unikia.

Kaka alipoambiwa alishtuka, akajikausha. "Cheche? Yule asiye na nyusi?"

"Zinaota," alisema Shangazi.

Ndio utetezi wote alioutoa. Kaka akamgeukia. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Shangazi akaangalia vidole vya miguu yake. "Waje kwanza."

"Sawa, waje." Kaka akajipiga tumbo taratibu. "Mimi nitajua tu."

Wageni walisema watakuja alasiri. Walikuja kabla ya jua kufika utosini, kwa sababu mjomba wake Cheche alikuwa mzee asiyeamini saa ya mtu mwingine. Walikuwa watatu: Cheche kwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, dada yake mkubwa mwenye sauti ya chini, na huyo mjomba, mzee mcheshi mwenye meno ya kuhesabika. Shangazi ndio kwanza alikuwa ametia maji kwenye unga.

Angekaa jikoni akaendelea na kazi yake, yasingetokea yaliyotokea. Lakini jikoni hakusikiki kitu cha sebuleni. Kwa hiyo alibeba sinia la unga na ndoo yake, akapiga magoti kwenye korido nyuma ya pazia la maua, akakandia pale pale. Mikono ilikuwa kwenye unga. Akili zote zilikuwa zimehamia sebuleni.

Mjomba alianza kwa mbali. Akauliza hali ya nyumba, hali ya kazi, bei ya mikasi. Kisha akakohoa. "Sasa, mwanangu kinyozi, sisi tumeona ua kwenye bustani yako."

Kimya. Shangazi akatupia konzi ya unga.

"Bustani yenyewe mmeiona ya mbele," kaka alijibu. "Ya nyuma ndiyo kubwa. Huyu ni mdogo wangu, hakuna mwingine."

Kimya tena, konzi nyingine. Dada yake Cheche akasema jambo ambalo halikusikika vizuri, Shangazi akatega sikio, na mkono wake wenyewe ukaenda kwenye ndoo ukarudi umejaa. Kaka akaanza hotuba ndefu, yenye vituo vingi, na kila kituo kilikuwa na konzi yake. Unga ulikuwa umeshaacha kuwa ncha ya sikio zamani. Sasa ulikuwa kisigino.

Wifi akafunua pazia ghafla, karibu amkanyage. "Wifi! Uko huku? Chakula, wifi yangu! Yule mzee ana njaa na maneno yamemwishia."

Hakukuwa na kupumzisha tena. Shangazi alikimbia nao jikoni, akakata madonge, akasukuma, unga ukawa unarudi nyuma kama mtoto anayevutwa kwenda kuoga. Konokono wakawekwa kwenye chuma kabla hawajatulia. Hakuonja. Hata ile ya kwanza hakuila. Ilipakuliwa pamoja na zenzake, ikafunikwa na kupelekwa na mchuzi wa kuku. Yeye akarudi korido, nyuma ya pazia, mikono imetapakaa unga hadi kwenye viwiko.

Kwanza alisikia kimya cha watu wanaokula. Halafu akasikia kimya cha watu wanaojaribu kula.

"Chapati hii," alisema mjomba kwa adabu kubwa, "ina msimamo."

"Ichovye kwenye mchuzi, mjomba," dada alinong'ona.

"Nimeichovya. Imetoka kavu."

"Mimi naiona nzuri," alisema Cheche, taya zikifanya kazi kama mashine.

Shangazi akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Aliona kaka amekata kipande, amekitia mdomoni, ametafuna mara mbili, akaacha. Aliona uso wake unabadilika. Kaka alikirudisha kipande kilichobaki kwenye sahani taratibu kama mtu anayeweka yai, akanawa mikono, akaifuta.

"Wageni wangu," alisema, "mnisamehe, nitasema wazi. Tangu mdogo wangu aingie nyumba hii hajawahi kutoa chapati kama hizi. Hata siku alizoumwa homa ya kumlaza kitandani hakutoa chapati kama hizi. Yeye si mtu wa maneno. Anasemea hapa." Akagusa ukingo wa sahani. "Sisi tunamsoma hapa, na hatujawahi kumkosea. Jibu mmepewa. Msimlaumu, nami sitamlazimisha."

Nyuma ya pazia Shangazi alifungua mdomo. Siyo, alitaka kusema. Siyo hivyo, siyo, nilikuwa nasikiliza. Ulimi ukalala kama umeshonwa. Aliona dada yake Cheche anachukua mkoba. Aliona mjomba anasimama, anamshika kaka mkono, anasema, "Hakuna ubaya, mwanangu, ua si la kung'oa kwa nguvu." Aliona Cheche analitazama pazia, kana kwamba anajua kuna mtu. Kisha akachukua kipande cha chapati kilichombakia, akakikunja vizuri, akakitia mfuko wa shati lake lililopigwa pasi. Hata kukataliwa alikupokea kwa heshima.

Mlango wa mbele ukafungwa.

Kaka alikuja jikoni macho yamelowa, anacheka. "Nimekusikia, mdogo wangu. Ulifanya vizuri, tena kwa ustaarabu. Niliogopa, we acha tu. Nilijiuliza, nyumba hii bila wewe itakuwaje? Ahsante." Akamshika bega, akarudi mbele, na mara akasikika anampigia mbinja mteja.

Shangazi alibaki ameshika mwiko. Asante ya kaka ilikuwa nzito kuliko unga wote aliowahi kukanda. Alijiambia, basi, ndivyo ilivyotaka kuwa. Si niliapa kwamba akisema kaa nitakaa? Lakini kaka hakusema kaa. Kaka alisema, umesema mwenyewe. Na yeye hakusema kitu.

Wifi ndiye aliyeingia na sahani. Aliketi juu ya ndoo, akakata kipande cha chapati kwa nguvu za mikono miwili, akakitafuna polepole akiwa amefumba macho kama daktari anayesikiliza kifua.

"Chumvi iko sawa," alisema. "Ukikasirika chumvi inazidi. Kwa hiyo hukukasirika." Akaendelea kutafuna. "Nene si nene. Mgongo mzima." Akameza, kwa shida. "Wifi, mume wangu anajidai anajua kusoma, lakini anasoma herufi kubwa tu. Chapati hizi hazikatai mtu. Zina haraka. Uliongeza unga mara ngapi?"

Shangazi akakalia kigoda. Machozi yakamtoka bila sauti, yakachora njia kwenye unga wa mashavuni.

"Yaani ulikuwa pale pale kwenye pazia," wifi alisema, akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na Shangazi naye akacheka huku analia. "Mungu wangu! Unampenda mtu mpaka unamvunja meno mjomba wake!" Kisha wifi akawa mzito. "Sikiliza. Mimi ndiye nitakayeumia ukiondoka, maana jiko litanirudia na unanijua mimi na jiko. Lakini sitakaa nikala chapati zako nikijua zimekufunga. Nimechungulia kona ya pili, Cheche ameshaanza kushusha bango la karakana, anafunga aende zake. Mwambie kaka yako. Na usimpikie, wifi. Safari hii mwambie kwa mdomo."

Asubuhi iliyofuata jiko halikuwashwa. Binti mdogo wa kaka alizunguka ua mara kadhaa, akachungulia chuma baridi, akaenda kwa mama yake kuuliza kama Shangazi amekufa.

Shangazi alikuwa sebuleni, amesimama mbele ya mlango wa duka. Miaka yote hiyo chapati za wateja zilipitishwa dirishani. Yeye hakuwahi kuingia humo tangu siku ile aliyorudi. Akapiga moyo konde, akaingia.

Kwenye kiti alikuwepo dereva wa teksi, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine kama shamba lililosahauliwa. Kaka alimwona kwenye kioo.

"Mdogo wangu? Unaumwa? Leo hatujaona kitu."

"Kaka, zile chapati nilizikosea."

Mashine ikazimwa. "Ulizikosea?"

"Nilizidisha unga. Nilikuwa nasikiliza mnayosema, mkono ukazidisha. Sikuwa nakataa." Akavuta pumzi. Maneno aliyoyabana miaka yote yalikuwa yamepanga foleni mlangoni, na sasa mlango unafunguka. "Nilikuwa nataka. Nataka. Naomba ruhusa yako niende."

Kaka alikaa kwenye benchi, kati ya wateja wawili waliojisogeza haraka. Alishika kitana kama mtu asiyejua ni cha nini.

"Hapa umekosa nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto.

"Sijakosa kitu. Ningekuwa nimekosa, ningeshaondoka zamani, tena nikikimbia. Nilikuja hapa siwezi hata kuinua uso, ukanipa chumba, hukuniuliza. Nikapona, kaka. Mtu akipona anatembea." Akasogea karibu na benchi. "Kila siku nilitaka kukwambia asante, nikawa napika. Leo sijapika. Leo nakwambia. Asante."

Kaka akafuta macho kwa taulo la wateja, lililojaa nywele, akazidi kutoa machozi.

"Siku ile nilipokwambia chumba ni chako," alisema, "sikukwambia mpaka lini."

"Hukusema. Na hilo pia nakushukuru."

"Na mimi nimemfukuza mzee wa watu na tonge mdomoni. Uso huu nitauweka wapi?"

"Uweke popote, fundi," alisema dereva wa teksi kutoka kwenye kiti, "lakini mimi kichwa changu nimalizie upande huu kwanza, nina abiria."

Watu wakaangua kicheko, na kaka akacheka kuliko wote. Hakummalizia. Alimvua shuka, akamwambia, "Washa gari, twende kwa Cheche kabla hajaondoka. Nitakumalizia huko huko." Wakaondoka hivyo hivyo, kinyozi na mashine yake na mteja wa nusu kichwa, na mtaa ukapata la kuzungumza.

Cheche walimkuta anapakia vyuma. Kilichosemwa pale hakikufika chote nyumbani, ila kaka alirudi akisema tu kwamba yule mtu asiye na nyusi alikuwa bado ana kipande cha chapati mfukoni, na mtu anayetunza kitu kama kile unaweza kumpa dada yako. Mjomba akaitwa tena. Aliomba apikiwe wali.

Siku zilizobaki Shangazi alimkalisha wifi kwenye kibao. Wifi alilalamika, alitoa za pembe tatu na za pembe tano, aliapa kwamba unga una chuki naye binafsi. Lakini alijifunza kusubiri, na ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ndoa ilipofungwa mbele ya watu wachache sebuleni, chapati zilizoliwa zilikuwa za wifi. Hazikuwa duara. Shangazi alikula tatu, akakaa kitako kama mgeni, na hakuna aliyemruhusu ainuke hata kuosha kikombe.

Asubuhi ya safari alipita dukani, njia ya wateja. Kaka alikuwa na mtu kwenye kiti, lakini mashine ilikuwa imezimwa. Hawakusema mengi, walikuwa wameshasema. Kaka alimtoa mpaka kibarazani, akataka kumbebea mzigo mpaka kwenye lori la kiwanda lililokuwa linasubiri chini ya mtaa, Cheche yuko juu anakaza kamba.

"Rudi, kaka," Shangazi alisema. "Una kichwa cha mtu."

"Kitasubiri."

"Rudi. Nikikuona mpaka mwisho sitapanda."

Akarudi hatua moja, akasimama mlangoni na kitana mkononi, watoto wamemshika suruali, wifi nyuma yake ana unga puani. Shangazi akaweka mzigo kichwani, akaushika kwa mkono mmoja, akashuka mtaa. Alimsalimia fundi cherehani, akamsalimia jirani wa boga, akaambiwa safari njema, akaitikia kwa sauti ambayo wote waliisikia. Hakugeuka, ila bega lake lilitikisika kidogo, na waliobaki nyuma hawakujua kama analia au anacheka. Alikata kona ya duka la dawa, lori likanguruma, na hakurudi.